Inchi za Okoth na Zangu

Malaba, Jumamosi, 1967

Bado nacheka peke yangu. Wiki nzima kapteni alitutisha kwa habari za Okoth, yule mrefu wa timu ya basketiboli ya kiwanda cha Tororo: futi sita na inchi sita! Leo tukisalimiana kabla ya mechi, macho yangu na yake yakalingana kabisa.

Mimi ni sita na mbili. Kapteni nilimwambia sita na nne, maana naogopa kuwekwa benchi.

Okoth akaninong'oneza, "Wewe husema ni ngapi?"

"Sita na nne."

Akashtuka. "Ongeza, ndugu yangu. Watu wametuona tuko sawa. Kiwandani waliniandika kazi niwachezee, kwa huu urefu wa sita na sita, na nina watoto."

Basi kesho nitamwambia kapteni nimekua. Nina miaka thelathini na moja.