Chokaa Mgongoni mwa Mama Mkwe

Tabora, Jumapili usiku

Chumvi! Chokaa bila chumvi haishiki ukutani, nami niliisahau kwa haraka ya kumaliza sebule ya nyumba hii mpya kabla mama mkwe hajafika.

Asubuhi aliegemea ukuta akimsubiri mke wangu arudi kutoka kisimani. Kengele ya kanisa ikalia, akatangulia. Kaniki yake nyeusi ilikuwa nyeupe mgongo mzima.

Ningemwambiaje? Kwetu Wanyamwezi mkwe hakodolewi macho, sembuse mgongo wake. Niliinama kitini, akapita. Kanisa zima limemwona.

Jioni mke wangu kaniuliza, "Baba Maria, ulimwona mama akitoka?"

"Sikumwona."

Alitazama alama ya mabega ya mama yake ukutani, kisha kiti changu, kinachoelekeana nayo.