Pigo la Siku ya Mwisho

Rochester, 4 Oktoba 1877

Dada Honora mpendwa,

Barua yako imefika pamoja na soksi, nazo zimenitosha. Baridi imeanza. Mama mwenye nyumba ametupikia pai ya matofaa siku tatu mfululizo, mpaka wapangaji wanamtania, "Mama, utatuotesha mitofaa tumboni!"

Uliuliza kama ni kweli nimeongoza wapigaji wote wa ligi yetu ya besiboli. Ni kweli, gazeti limeandika. Nilimpita aliyenifuata kwa pigo moja tu, siku ya mwisho.

Pigo hilo lilimpata Asa Tillotson, mrushaji mpira wa wapinzani wetu, yule aliyekula nasi Krismasi nyumbani kwa mama yetu. Alisimama futi arobaini na tano tu mbele yangu. Mpira ulimpiga kwenye paji la uso, akaanguka. Nami nilikimbia, Honora. Nilikimbia hadi nikakanyaga kituo cha kwanza, maana pigo halihesabiwi mpaka mpigaji afike hapo, ndipo nikageuka kumtazama. Alifariki Jumapili.

Nilimwendea mwandishi wa matokeo nikamwambia, "Mzee, lifute lile pigo."

Akanijibu, "Kijana, pigo ni pigo. Nikilifuta nitakuwa nimeandika uongo."

Mazishini mkewe Asa alinishika mkono, akaniuliza, "Cornelius, mbona hulii?" Mpaka leo sijalia, na chakula nakula kama kawaida.

Mama yetu usimwambie habari za Asa. Mwambie tu kwamba mwanawe amekuwa wa kwanza.

Ndugu yako,
Cornelius