Kura ya Watu Watatu

Mke mwenzangu Rehema,

Hapa mtaani Bertrams, huku ugenini kusini, hatujambo; saluni ya mama yako mdogo imehamia mtaa wa Hillbrow. Umeuliza kama nimewahi kumpigia kura nisiyemtaka. Nimewahi, Tanganyika, kabla ya uhuru. Wakoloni walitaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Ukimwacha mmoja, kura imeharibika. Walipiga wenye elimu au kipato tu: mimi mwalimu niliruhusiwa, babu yako mkulima hakuruhusiwa.

“Ukimpa Mzungu kura, usirudi hapa,” akaniambia.

Ningemwacha Mzungu, Mwafrika wetu naye angeikosa kura yangu. Nikatia alama zote tatu. Nikarudi, nikakuta mlango umekomewa. Nilibisha, haukufunguliwa. Nikakaa barazani mpaka jua likazama, ndipo babu yako akafungua.

“Kalamu yao ilikuwa nzito?”

“Kuliko chaki zote.”

Akanimiminia maji, nikanawa.

Bibi yako