Harusi Ndani ya Serva

Jumapili, 18 Aprili 1999

Leo nimesimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nimewaambia Mungu amenifungulia mlango kupitia kompyuta ya ofisi ninakofanya usafi na chai. Madam Rampersad, sekretari wetu, amekubali barua zangu zije kwa imeli ya kampuni, katika lile sanduku la wote wanaloandikia wateja. Naandikiana na Sista Marie-Jeanne wa Kigoma, na yeye anamtafuta mume wangu, Baba Carmel, kambi hadi kambi ya wakimbizi. Tangu vita itutenganishe pale Uvira sijasikia hata neno. Carmel, mtoto wetu, alikuwa hajatambaa. Sasa anakimbia.

Watu walilia, wakapiga makofi. Baada ya ibada kina mama wakanizunguka: Mama Carmel, na sisi tuna watu wetu, tupe hiyo adresi. Nikaitaja, wakaiandika, wengine mkononi. Ningekataaje? Baraka haifungiwi na kufuli.

Nimefurahi. Jamani, nimefurahi.

Ijumaa, 7 Mei

Barua zinamiminika. Lubumbashi, Lusaka, Brussels. Mwanzoni Madam alicheka. Leo hakucheka. Kuna Mama Henriette, shemasi wetu — mdogo wake Laurette ameolewa Brussels, na jamaa wote wanamtumia picha za harusi. Kila mmoja anatuma zilezile! Picha kubwa kubwa, kila meza, kila ua. Asubuhi nzima imeli za mizigo zilikaa foleni nyuma ya keki.

Madam akaniambia pole pole, Stella, waambie watu wako wapunguze. (Naitwa Estella. Nimechoka kumsahihisha.)

Nikamwambia Mama Henriette. Akaniuliza kama ni wivu, maana mimi harusi ya kanisani sikuipata. Mbele ya watu.

Jumatano, 12 Mei

Imefika! Nilikuwa namwekea Madam chai, yeye ana simu sikioni. Akafunika simu kwa mkono: iko moja ya Kigoma, ina jina lako, nitaitoa kwenye printa baadaye.

Sista aliniambia mapema kwamba hii itakuwa ya mwisho. Anahamishwa, na ofisi yao ya Kigoma inafungwa wiki hii. Akasema wanaume wanaoitwa Baudouin kama mume wangu ni wengi kambini, wa Uvira pia ni wengi, kwa hiyo akimwona anayefanana na maelezo yangu atampiga picha, nimtambue mwenyewe.

Na mimi nikajibu nini? Hakuna neno, madam, nitangoja.

Kwetu anayebebwa mgongoni hahimizi mwendo. Ndivyo nilivyolelewa. Basi nikangoja. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikapita mara nyingi mbele ya meza yake na kitambaa, kama mtu wa kazi sana. Alasiri akapigiwa simu, mtoto wake anaumwa, akavaa koti mbio kwenda kwake Queensburgh. Nikainamisha kichwa: pole, madam, safari njema.

Bon, basi. Kesho.

Alhamisi, 13 Mei

Eish. Imeli imekufa.

Nimefika kazini Jacobs asubuhi nikakuta ofisi nzima imesimama. Wamemwita Vishen, fundi wa kompyuta. Huyu kijana anaongea na kila mtu, hata na mimi mleta chai. Akanieleza: barua za watu wote zinaandikwa katika faili moja kubwa, anaiita database. Serva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma, diski yake imejaa. Faili ikakatika katikati ya kuandika, kama mtu aliyezibwa mdomo akiwa anaongea. Sasa haitaki kufunguka.

Nikamuuliza imejaa nini. Akasema bado anaangalia, ila kwenye foleni ya barua ameona magauni meupe mengi sana.

Nikachukua kikombe chake nikatoka. Hakuwa amemaliza chai.

Ijumaa, 14 Mei

Leo Vishen alitafuta nakala ya akiba ya barua kwenye tepu. Kila jioni tepu inaingizwa, taa ya kijani inawaka, watu wanaenda nyumbani na amani. Kumbe tepu ni tupu! Tangu Krismasi. Taa ilikuwa inawaka bule, na hakuna aliyewahi kuifungua kuangalia.

Bosi alikuwa mwekundu. Meli iko bandarini, karatasi za kontena ziko ndani ya imeli. Akanigeukia mimi. Mimi! Akauliza kama nilipitisha kitambaa chenye maji huko nyuma. Nikaanza kujibu, akawa ameshaondoka.

Madam hanitazami usoni. Nilimuuliza kama aliisoma ile ya Kigoma, hata mstari mmoja. Hakuisoma. Aliona jina tu.

Kuitengeneza faili nako ni shida. Programu inataka nafasi tupu, kubwa kama faili yenyewe, na nafasi ndiyo haiko. Ni kama nyumba iliyojaa vitu hadi mlangoni, na fundi anadai chumba cha kufanyia kazi. Vishen ataleta diski nyingine kesho, aiache ifanye kazi siku zote mbili za wikendi.

Jumapili, 16 Mei

Kanisani. Sikutaka kwenda, nimeenda kwa ajili ya Carmel, anapenda ngoma.

Mama Henriette akanikamata mlangoni. "Mama Carmel, ofisi yako imekula harusi yetu?" Watu wakacheka. Nikamwambia kompyuta imeharibika. Akasema ajabu, ilipokuwa ya ushuhuda ilikuwa nzima. Wakacheka tena. Mwingine akasema labda nazichagua barua, nazificha zenye habari nzuri.

Wote walilia nilipotoa ushuhuda. Leo hata mmoja hakuniuliza habari za Baba Carmel. Aliyeuliza ni Goreth, Mrundi jirani yangu anayenilelea mtoto, ambaye hata hasali na sisi. Aliuliza, kisha akanipa maharagwe. Ndivyo inavyotakiwa.

Tukirudi, pale stendi ya Warwick, Carmel aliuchomoa mkono wake kwangu akamkimbilia mtu mmoja mrefu kwenye foleni ya teksi. Akamkumbatia mguu. "Baba!" Kila mrefu sasa ni baba yake, kwa sababu ya hadithi zangu. Namwambia baba yake ni mrefu hadi anagonga kichwa kila mlango, na kila akigonga anauomba mlango msamaha. Yule mtu alikuwa mzuri. Akainama akamsalimia kwa Kizulu. Mimi ndiye niliyelia.

Jumatatu, 17 Mei

Naandika hapahapa, kwenye kiti cha chumba cha serva.

Asubuhi Vishen alikuta kazi imekwisha. Masanduku yakaanza kufunguka moja moja: la bosi, la mauzo, la Madam. Watu wakapiga makofi. Lililobaki ni la wote. Lina kurasa zilizooza, akasema, na kila akiliwasha linaivuta database yote chini. Akamuuliza Madam mna nini humo cha maana.

Madam akanitazama. Kisha akasema takataka tu, ya maana yote nimeshayatoa kwenye printa.

Simlaumu sana. Bosi hajui kwamba Madam alinipa ruhusa. Ana mtoto, na mimi nina mtoto.

Vishen akasema basi analifuta lote, na mchana huu imeli inarudi. Bosi akasema futa, unangoja nini. Nilikuwa nimesimama na trei. Nilijua nikiongea, lawama ya harusi yote ni yangu, Lubumbashi ni yangu, meli iliyokwama ni yangu. Nikaona mkono wa Vishen unaenda kwenye kibodi.

"Usifute," nikasema. "Mume wangu yumo humo."

Bosi akauliza nani. Nikasema yote, Kiingereza changu kibaya kikitoka mbio, kanisa, adresi, Kigoma. Jina la Madam sikulitaja. Ni yeye mwenyewe aliyesema, kwa sauti ndogo, mimi ndiye niliyemruhusu. Bosi akatuambia wote wawili twende ofisini kwake. Madam amekwenda.

Mimi Vishen alinivutia kiti. Akaanza kuzitoa barua za sanduku lile moja moja kuzipeleka diski nyingine. Zilizoumia zinatoka na jina na tarehe tu, maneno hakuna. Harusi. Harusi. Keki. Lusaka. Harusi. Nikaziona zote zimetoka nzima, hata vitambaa vya meza!

Halafu Kigoma. Jina la Sista, jina langu. Chini yake peupe. Si neno hata moja.

Lakini iko picha imeshikizwa chini. Vishen ameifungua. Ilianza kuonekana kutoka juu, kidogo kidogo. Turubai la kambi. Mti wa juu wa mlango. Chini yake kidogo tu, nywele za mtu, na paji la uso. Kisha kijivu. Imekatikia hapo.

Amesema kipande kimebaki ndani ya faili, anajaribu kwa njia nyingine. Inatembea pole pole. Namwona anauma kucha.

Natazama ile picha. Mtu aliyelala, mgonjwa au maiti, kichwa chake hakifiki juu ya mlango. Huyu amesimama. Na ameinama kidogo, kama anayeogopa kugonga.

Wanaume warefu ni wengi. Najua.

Bosi ameita jina langu — Stella! Nimesema nakuja. Ameita tena. Bado nimekaa. Kijivu kimeanza kushuka, zimeonekana nyusi...