Kitufe chenye Picha ya Kuku

Mtaa wa Breza 9,
Tryavna, Bulgaria.
4 Aprili

Mpendwa dada yangu Iskra,

Pokea salamu za huku kwetu, ambako theluji bado imeng'ang'ania milimani lakini miplamu ya uani imeshachanua. U hali gani? Shemeji hajambo? Kikohozi cha mtoto kimepona? Sisi wazima, ila mama anagombana na goti lake, na goti ndilo linaloshinda.

Baba yako, baba mdogo wangu, alipasuliwa ngiri Jumanne iliyopita, salama salimini, na tayari analalamikia supu ya hospitali. Kwa hilo usiwe na wasiwasi. Barua yako ya Januari niliisoma mara tatu na nitaijibu humuhumu, ila itabidi univumilie nianzie mbali. Unanijua, nikikuta kitu nisichokielewa, hata chakula hakipiti.

Baba yako alipolazwa, mkuu wetu wa ofisi, Injinia Kalin, alinipa mchoro wa mzee niumalizie: ngazi za mbao za shule ya chekechea. Nikakaa kwenye kompyuta yake kwa mara ya kwanza. Loo! Programu yetu ya kuchorea humruhusu kila mtu kupanga skrini apendavyo. Mimi vifaa vyangu viko juu, palepale nilipovikuta. Yeye amevirundika vyote kushoto, safu tatu, vitufe vikubwa kama biskuti, na kulia kumebaki kweupe. Picha za vitufe kazichora mwenyewe. Cha kukatia mistari kina mkasi wa kupogolea mizabibu, cha kunakili kina mayai mawili.

"Huko kulia ni pa kuwekea bakuli la maharage," akasema Mityo wa meza ya pili, ambaye kunyamaza hajafundishwa.

Kilichonishinda ni kitufe chenye picha ya kuku. Nilipokibofya, mchoro wote uligeuka kama kwenye kioo, kulia kukaja kushoto. Nikabofya tena, ukarudi. Nikamuuliza Mityo kazi yake.

"Muulize mwenye kuku! Mimi nafuga bata."

Asubuhi nzima nilikichezea. Nani anataka kuziona ngazi kinyume? Na kwa nini kuku, si kioo? Mara ya nne au ya tano, mchoro ukiwa umegeuka, nikaona kasoro. Ngazi zilitakiwa ziwe na reli ya kushikia pande zote mbili. Upande mmoja haikuwepo. Nikarudisha mchoro: ni upande wa kulia. Watoto wa miaka mitatu wangeshika hewa, na seremala alikuwa aanze kukata mbao Alhamisi.

Baba mdogo, miaka thelathini na moja kazini, asahau reli! Ndipo nikamkumbuka korongo. Mwezi uliopita korongo wa kwanza alipita juu ya ofisi, na kama ilivyo desturi ya kumwona korongo wa kwanza, sote tukavua nyuzi zetu nyekundu na nyeupe za mkononi tukazifunga kwenye mti. Baba yako akabaki na wake mkononi. "Korongo gani? Mnanitania nyie," akasema. Ndege alikuwa amepita upande wake wa kulia. Tulimcheka siku nzima, Mungu atusamehe.

Nikaichora ile reli, kisha nikaenda hospitalini na banitsa ya jibini aliyooka mama. Sikuzunguka mbuyu.

"Baba, yule kuku ni wa nini?"

Akala kipande kizima kwanza. "Kuku akitaka kukutazama, hufanyaje?"

"Hugeuza kichwa, akakutazama kwa jicho moja."

"Basi umeshajibiwa. Usiniulize tena."

Nikamuuliza tena, ndipo akafunguka. Jicho lake la kulia limezimika tangu vuli. Hakumwambia mtu, akihofia kuondolewa kazini kabla ya pensheni. Kila mchoro aliugeuza kwa yule kuku, akakagua upande wa pili kwa jicho zima. Siku ile ngiri ilimbana, akasahau kugeuza. Nilipomwambia habari ya reli alilia, Iskra. Hata kwenye maziko ya mama yako sikumwona akilia.

Na Kalin alikuwa ameshaamuru kwamba kuanzia Jumatatu kompyuta zote zipangwe namna moja. Mpangilio wa baba yako nilikuwa nimeshauhifadhi pembeni, basi nikamwambia mzee: mwambie Kalin mwenyewe, au nitamwambia mimi. Akampigia simu mbele yangu. Kalin, pamoja na ukali wake wote, akasema kuku abaki, ila kila mchoro wa mzee nitaukagua mimi.

"Macho matatu," akaniambia baba mdogo alipokata simu. "Wenzetu wana mawili tu."

Wiki ijayo nampeleka kwa daktari wa macho. Naogopa, sikufichi.

Aliniomba nisikuambie. Sikuahidi, kwa sababu ya barua yako. Uliandika kwamba mkiongea kwa video baba anageuza uso pembeni, hataki hata kukuona, kwamba miaka sita haijamtosha kukusamehe kwa kwenda Australia, na kwamba safari yenu ya kuja huku kiangazi umeifuta. Nilikuamini. Mimi mwenyewe nilimnunia kwa ajili yako.

Dada, anageuza uso ndipo akuone.

Mpigie Jumapili, tena usizungumze haraka, mwache akutazame. Mama anakubusu, Mityo anasema bata wake wapo wakija wageni. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awafungulie njia. Uzi wa baba yako bado uko mkononi. Anasema hauvui mpaka aone mwenyewe kitu kinachorudi kutoka mbali.

Ni mimi dadako akupendaye sana,
Zdravka