Waliochimba Kaburi la Mpwa Wangu

Mama Sekela, hamjambo huko Ubaruku? Huku Iringa baridi kali, lakini mimi nachemka. Kwaya ya marehemu mpwa wangu, wale wanaume wanaopenda wanaume kama yeye, wamechimba kaburi tangu alfajiri. Halafu wakakatazwa kuimba! Nikamwuliza mzee wa kanisa, "Mikono yao mmeikubali, midomo yao mnaikataa?" Akasema, "Babu, usituaibishe." Nikamjibu, "Kwa desturi yetu mjomba ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, na mimi situpi mpaka waimbe." Unanijua, hakuna wa kunihamisha. Nikakaa juu ya lundo la udongo. Wakaimba, na kina mama wa jirani wakaitikia. Dada yangu, ambaye hakuwa amelia tangu msiba uanze, akamlilia mwanawe. Bado nina hasira. Jitunze, mke wangu.