Kipaza Sauti cha Bosi Ocampo

Fidencio, siamini nilichofanya leo kiwandani.

Misa ya Bikira Maria wa Guadalupe ilipoisha, pale altareni kando ya vyerehani, Meneja Ocampo akanipa kipaza sauti. Kura yetu wafanyakazi ya mkataba mpya wa kazi, ule alioutaka yeye, ilikuwa inafuata. "Don Chuy, waambie wenzako sisi ni familia moja."

Familia moja. Ananiambia mimi.

Nikawaambia: "Mke wangu Eulalia aliomba ruhusa mara tatu aende hospitali. Huyu hapa alimjibu, mama, maliza kwanza hizo suruali. Akafia palepale kwenye cherehani."

Ocampo akaninong'oneza, "Mzee, inatosha." Nikarudia yote, kwa sauti zaidi.

Mkataba wake umekataliwa, kaka. Hata wapambe wake wameukataa.

Akanifuata getini, eti nimsamehe. Nikamwambia, "Wa kukusamehe ulishamuua."